Mlango wa Kutokea Uko Karibu na Mwanzo: Mwongozo Kamili wa Kupata Msaada wa Mungu Katika Majaribu na Vishawishi vya Kila Siku

Mtu akibanwa husema "Mungu nisaidie", kisha husubiri. Shida ni kwamba mara nyingi husema hivyo akiwa ameshafika mbali: simu iko mkononi saa sita usiku, neno kali limeshatoka, takwimu ya uongo imeshaingia kwenye ripoti. Msaada aliouomba ulikuwapo, ila alipishana nao saa tatu nyuma, ukiwa umevaa umbo dogo lisilomshtua: usingizi aliouahirisha, rafiki aliyesita kumpigia, chumba ambacho hakuwa na haja ya kuingia. Katika 1 Wakorintho 10:13 Paulo anaahidi kwamba pamoja na lile jaribu Mungu "atafanya na mlango wa kutokea". Mwongozo huu ni wa kuutafuta mlango huo mapema, ungali mwepesi kufunguka.

Andaa daftari dogo la karatasi (simu yenyewe mara nyingi ni sehemu ya tatizo), kalamu, Biblia, mtu mmoja wa kuaminika, na siku 30. Zaidi ya hapo usiongeze kitu kwa sasa. Anayeanza kwa kufunga siku saba, kukesha kila Ijumaa na kukariri sura nzima kwa kawaida huishia wiki ya pili, tena akiwa amejaa hatia kuliko alivyoanza.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nini

Agano Jipya la Kigiriki linatumia neno moja, peirasmos, kwa mambo ambayo Kiswahili kinaweza kuyatenganisha: jaribu na kishawishi. Ndiyo maana katika Sala ya Bwana Wakatoliki husema "usitutie katika kishawishi" na Waprotestanti husema "usitutie majaribuni", na sala ni ile ile. Kwa matumizi ya kila siku ni vizuri kuyatenga, kwa sababu dawa zake hazifanani.

Jaribu ni mzigo uliokukuta: ugonjwa wa mzazi, kazi iliyokatika, msiba, mtoto aliyepotoka. Kishawishi ni mvuto wa kutenda lililo baya. Jaribu hustahimiliwa, na hilo ndilo Yakobo analolisema mwanzoni mwa waraka wake. Kishawishi hukimbiwa, na Paulo anatumia neno hilo hilo mara mbili, 1 Wakorintho 6:18 na 2 Timotheo 2:22. Wengi tunapindua mambo. Tunakimbia jaribu kwa kuacha ndoa, huduma au masomo wiki ya kwanza ya ugumu, halafu mbele ya kishawishi tunasimama na kubishana nacho ili tuone nani ana nguvu.

Mara nyingi viwili hivi huja vimebebana. Kukosa kazi ni jaribu, na wazo la kughushi cheti ni kishawishi kilichopanda mgongoni mwake. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika mistari miwili: "Mzigo wangu ni…" na "Unanivuta kwenda…". Ukishindwa kuujaza mstari wa pili, ngoja siku tatu, utajaa wenyewe.

Kuna kundi la tatu ambalo halipaswi kuitwa jaribu la kuvumilia, nalo ni dhuluma. Anayepigwa nyumbani au kunyanyaswa kingono kazini haitwi na Mungu akae pale apimwe imani. Paulo huyo huyo aliyehubiri uvumilivu alitoroka Dameski ndani ya kapu lililoshushwa ukutani (Matendo 9:25), na alipoona haki inapindishwa akakata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Ondoka, waambie watu, ripoti. Hatua nyingine za mwongozo huu zitafuata ukiwa mahali salama.

Hatua ya 2: Siku 14 za kuandika kabla ya kubadilisha chochote

Hapa watu hukosa subira, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote. Kwa siku 14, kila unapovutwa, uanguke au usimame, andika mambo matano: saa, mahali, hali ya mwili, wazo la kwanza lililopita kichwani, na kilichofuata. Mistari mitano, dakika mbili, basi. Inaweza kuonekana hivi:

*Jumanne, saa 4:40 usiku. Kitandani, taa imezimwa, simu mkononi. Sijala tangu asubuhi, nimetoka kujibizana na kaka. Wazo: "Leo nimeteseka, nastahili kitu." Nimeingia kwenye zile picha. Saa 6:15 ndiyo nimelala.*

Ukishapata kurasa kumi za namna hii, zisome zote kwa mkupuo mmoja. Utaona saa zinajirudia. Utaona karibu kila mara kuna mojawapo ya mambo manne: njaa, uchovu, hasira au upweke. Hilo halipunguzi uzito wa dhambi, linaonyesha tu adui anapitia wapi. Yesu mwenyewe alifunga siku 40, na Mathayo anaandika kwamba mwishowe akaona njaa. Pendekezo la kwanza la mjaribu likawa mkate. Luka anaongeza kwamba Ibilisi aliondoka "kwa muda", maana yake alikuwa na mpango wa kurudi saa nyingine.

Angalia pia Mungu alivyoanza kumsaidia Eliya katika 1 Wafalme 19, nabii alipokuwa chini ya mretemu akiomba afe. Hakuna hotuba. Kuna usingizi, mkate uliookwa makaani, gudulia la maji, usingizi tena, chakula tena, kisha safari ya siku 40, na mwishoni kabisa ndipo swali linakuja: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Kama daftari lako linasema unaanguka kila unapolala kwa muda wa saa nne tu usiku, basi kulala mapema ni sehemu ya utii. Wako watakaoona jambo hilo ni la kimwili mno kuitwa msaada wa Mungu. Malaika aliyemwokea Eliya mkate hakuliona hivyo.

Hatua ya 3: Rudi nyuma kwenye mnyororo

Yakobo 1:14-15 anaeleza dhambi kama uzazi: tamaa huvuta na kudanganya, huchukua mimba, huzaa dhambi, nayo dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kuna hatua, na hatua huchukua muda. Chukua anguko moja kutoka daftarini, uliandike chini kabisa ya ukurasa, halafu panda juu ukijiuliza "kabla ya hapo kulikuwa na nini?" mpaka ufike pete sita au saba za mnyororo. Tuuchukue mfano wa yule wa Jumanne:

Aliangalia picha. Kabla ya hapo alikuwa anapitisha pitisha video "bila sababu". Kabla ya hapo alizima taa na kubaki na simu. Kabla ya hapo aliingia chumbani mapema ili asionane na kaka yake. Kabla ya hapo walijibizana. Kabla ya hapo alirudi nyumbani na njaa. Kabla ya hapo aliruka mlo wa mchana.

Sasa jiulize: ni pete ipi ningeweza kuikata hata nikiwa dhaifu? Kuacha kuangalia picha ukiwa tayari umeshazifungua kunahitaji nguvu nyingi. Kuacha simu sebuleni inachaji kuanzia saa 3 usiku kunahitaji waya wa chaji na dakika moja. Kumwambia kaka "tuyazungumze kesho asubuhi, leo nimechoka" kunahitaji sentensi moja. Hiyo ndiyo milango. Chagua miwili tu, iliyo juu ya mnyororo, uiandike kwa maneno yanayoweza kukaguliwa. "Nitapunguza simu" hakukaguliki. "Simu inakaa sebuleni saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, saa ya kuamsha nimenunua ya mezani" kunaweza kukaguliwa hata na mtoto.

Mnyororo wa hasira huwa mfupi zaidi, pengine dakika tano tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa hiyo mlango wake uwe wa mwili: kukaa kama ulikuwa umesimama, kunywa maji, kutoka nje kwa muda uliokubaliana na mwenzako mapema, tuseme dakika 15, na kurudi kweli dakika hizo zikiisha. Ukitoka bila kuaga na bila kurudi, mwenzako ataona umemdharau na ugomvi utakua. Mnyororo wa fedha na wizi mdogo kazini, kinyume chake, huchukua miezi, na pete ya kwanza huwa deni lililofichwa kwa mwenzi wa ndoa. Mlango wake ni kulitaja deni hilo nyumbani.

Hatua ya 4: Maandiko matatu, yasiwe thelathini

Jangwani Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote yametoka katika kitabu kimoja, Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Ni sura zinazowakumbusha Israeli walivyojaribiwa jangwani. Yaani alichagua neno linalolingana na hali aliyokuwamo. Fanya vivyo hivyo. Kwenye daftari lako kuna "wazo la kwanza" la kila tukio, na ndilo uongo unaohitaji kujibiwa. Kwa anayewaka haraka, Mithali 15:1: "Jawabu la upole hugeuza hasira." Kwa anayeona fedha ndiyo salama yake, Waebrania 13:5, pale Mungu anaposema hatakuacha kabisa. Kwa anayesumbuliwa na macho, Ayubu 31:1, agano alilofanya Ayubu na macho yake.

Kukariri: soma mstari kwa sauti mara tano, funika, uandike bila kutazama, funua usahihishe. Asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, mstari mmoja kwa wiki. Usiende wa pili kabla wa kwanza haujatoka wenyewe ukiwa umechoka, kwa sababu utauhitaji ukiwa umechoka.

Tahadhari moja. Ibilisi naye alinukuu, tena Zaburi ya 91, na andiko lililokatwa mahali pabaya linaweza kukuumiza. Mfano maarufu ni ule usemi kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Watu huutoa katika 1 Wakorintho 10:13, lakini mstari ule unazungumzia kujaribiwa na dhambi, si ukubwa wa misiba. Kuhusu misiba, Paulo anakiri katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa "mno kuliko nguvu zetu". Basi ukimwona mfiwa, usimpe usemi huo. Na ukilemewa wewe, usidhani imani yako imepungua.

Hatua ya 5: Maombi yenye saa na yenye mifupa

Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Danieli 6:10 inasema alipiga magoti mara tatu kwa siku, na inaongeza kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya tokea hapo. Amri ya mfalme ilimkuta na mazoea tayari. Anza na muda huu: asubuhi dakika 10, adhuhuri dakika 2, usiku dakika 7. Ni kidogo kwa makusudi.

Asubuhi, fungua daftari utazame siku iliyo mbele. Utakutana na nani, wapi, saa ngapi? Omba kwa saa iliyotajwa: "Saa 8 nina kikao na yule anayenidharau. Nipe jibu fupi na la kweli." Ombi la jumla kama "nilinde leo" si kosa, ila jioni huwezi kujua kama lilijibiwa. Adhuhuri ni kurudia mstari wako na kuuliza: tangu asubuhi nimekwenda wapi? Usiku, andika mambo mawili uliyosaidiwa, hata madogo, na jambo moja la kuungama.

Kwa aliye katika jaribu zito, maneno hukauka. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na inaweza kukopesha mifupa yake: mistari miwili ya kulalamika (ina "hata lini" nne), miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Jaza nyama yako mwenyewe, kwa mfano:

*"Bwana, huu mwezi wa tano baba halali kwa maumivu, na mimi silali. Hata lini? Mbona umenyamaza? Naomba mawili: dawa mpya imkubali, na usiku wa leo nisimjibu vibaya akiniita mara ya tano. Ulitushika tulipomzika mama. Nakutegemea tena."*

Usiruke sehemu ya malalamiko ukidhani ni utovu wa adabu. Imo ndani ya Maandiko, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila hata mstari wa furaha. Kosa la upande wa pili ni kubaki kwenye malalamiko miezi yote bila kuomba kitu kinachotajika.

Mwisho, uwe na ombi la dharura, la maneno mawili matatu. Petro akizama alisema "Bwana, niokoe." Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni katikati ya swali la mfalme na jibu lake mwenyewe (Nehemia 2:4), tena bila kufumba macho, tunaweza kukisia, maana alikuwa amesimama mbele ya mfalme.

Hatua ya 6: Dakika ishirini za moto

Pamoja na maandalizi yote, kuna siku mvuto utakukuta ghafla. Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha.

Kwanza ondoa mwili. Yusufu aliacha vazi mkononi mwa mke wa Potifa akatoka nje, hakubaki kumhubiria. Inuka, toka chumbani, funga kompyuta, shuka kwenye gari. Kosa la kawaida sana ni kuomba ukiwa bado umeshika kile kitu: ombi linakuwa namna ya kujipa ruhusa ya kukaa hapo.

Pili, sema ombi la dharura na mstari wako kwa sauti ya kusikika. Kichwani, mawazo mawili hushindana na lile lenye picha hushinda.

Tatu, piga simu au tuma ujumbe kwa mtu wako: "Nimebanwa sasa hivi." Hakuna haja ya maelezo.

Nne, shika kazi ya mikono kwa dakika 20: fua, osha vyombo, tembea. Tamaa hupanda na kushuka kama wimbi, na asiyeilisha huiona ikipungua. Dakika 20 zikiisha na bado inawaka, anza nyingine 20. Usijiapize kuhusu kesho. Nadhiri zinazotolewa ndani ya moto hazidumu.

Hatua ya 7: Mtu mmoja

Hapa ndipo mipango mingi huvujia. Yakobo 5:16 inaagiza kuungamiana na kuombeana, na hilo haliwezekani peke yako. Mtafute aliyekomaa kiimani, wa jinsia yako, anayejulikana kwa kutunza siri, na asiyehusika na tatizo lenyewe. Aliye katika mapambano yale yale wiki ile ile ni mwenzi wa safari mzuri, lakini asiwe yeye pekee, msije mkafarijiana shimoni. Kwa Mkatoliki au Mwothodoksi, padri wa kitubio anashika sehemu ya nafasi hii, ingawa rafiki wa kumpigia simu saa 4 usiku bado anahitajika.

Kubalianeni dakika 20 kwa wiki, siku ile ile, na maswali manne: Umesimama wapi wiki hii? Umeanguka wapi? Ile milango miwili umeitumia? Kuna jambo uliloamua kutonieleza? Swali la nne ndilo linalobeba yote. Kisha mnaombeana na kumaliza. Akigeuka kuwa polisi, au habari zako zikarudi kwako kupitia kwa wengine, badilisha mtu mapema. Wala usitangaze mapambano yako kwenye kundi la maombi la simu lenye watu mia, maana picha ya ujumbe husafiri.

Mzigo usipoondoka

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utoke, na jibu halikuwa kuutoa: "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Gethsemane pia, Yesu aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Luka anaandika malaika alimtokea kumtia nguvu, na kikombe kikabaki pale pale. Basi usipime msaada kwa kuondoka kwa tatizo tu. Katika daftari, fungua ukurasa wenye sehemu tatu: nguvu ya siku hii (nilichoweza ambacho jana sikukitarajia), watu (aliyekuja bila kuitwa), na hekima (nilichojua cha kufanya, kama ahadi ya Yakobo 1:5). Jaza kila Jumapili. Wiki moja itaonekana tupu. Soma wiki nane pamoja.

Ukianguka

Tubu ndani ya saa ile ile. Litaje kosa kwa jina lake: "nimedanganya", siyo "nimeteleza kidogo". Shika ahadi ya msamaha ya 1 Yohana 1:9. Kama kuna aliyeumizwa, rekebisha kwa kitu kinachoonekana, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Mjulishe mtu wako kabla siku haijaisha. Halafu rudi kwenye mnyororo, uone ni mlango upi hukuutumia.

Jihadhari hasa na lile wazo la "nimeshaharibu siku, acha iishe hivyo". Anguko la pili, linalotoka kwenye wazo hilo, kwa kawaida ni kubwa kuliko la kwanza. Petro na Yuda wote walianguka usiku mmoja na wote walijuta kwa uchungu. Petro alibaki na wenzake.

Panapohitajika zaidi ya mwongozo huu

Mawazo ya kujiua: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende hospitali, usibaki peke yako. Huzuni isiyoinuka kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikiwa vimepotea: muone daktari, huku ukiendelea kuomba. Anayekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla bila daktari, kwani mwili unaweza kupata degedege. Paulo alisafiri na Luka, aliyemwita tabibu mpendwa.

Siku ya 30

Kaa na mtu wako, daftari mezani. Hesabuni mara ulizovutwa wiki ya kwanza na wiki ya nne, na ni mara ngapi mlango ulitumika kabla ya pete ya tatu kutoka juu. Milango miwili ikiwa imekuwa mazoea, chagueni mingine miwili. Kama mmoja haukutumika hata mara moja, inawezekana uliuweka chini mno ya mnyororo: usogeze pete moja juu, uandike saa na mahali, na uanze nao kesho asubuhi.